Karani Aliyekataa Kusaini

Karani hakupenda karatasi ibaki na nafasi. Ukimpa barua aisome, kwanza alitazama chini, pale maneno yalipoishia. Akiona weupe kati ya neno la mwisho na sahihi, alitoa kalamu ya bluu kwenye mfuko wa shati, akachora mstari mmoja wa mshazari kutoka kona hadi kona, ndipo akaanza kusoma. Alifanya hivyo kwenye barua za watu, kwenye kadi za harusi, hata kwenye cheti cha dawa nilichompelekea siku moja kutoka zahanati.

"Hapa," alisema, "mtu angeweza kuongeza ndama."

Alimaanisha ndama kweli. Enzi zake, alisema, mtu mmoja alidai ng'ombe mmoja mwekundu mahakamani, hati ikaandikwa, ikabaki nafasi ya mistari miwili. Iliporudi mezani ilidai ng'ombe mwekundu na ndama wake. Tangu hapo Karani hakuamini weupe.

Aya hizo nimeziandika mara tisa. Nalisema mapema ili msomaji anijue. Shule niliishia kidato cha pili; kuchapa, kupanga aya na kuweka nukta mahali pake nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili magazeti na kamusi iliyokosa jalada. Mtu aliyejifunza mwenyewe huogopa kosa kuliko aliyefundishwa, kwa sababu hana mwalimu wa kumsingizia. Nina kibanda cha stationari hapa Bariadi: natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Mteja akiondoka na barua yenye neno lililokosewa, sili mchana.

Yeye alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na alistaafu kabla sijashika kalamu. Mtaani hakuna aliyemwita jina lake. Hata mkewe alisema, "Karani, chai inapoa." Alikuwa na baiskeli ambayo hakuipanda. Aliisukuma tu, faili lake likiwa limefungwa kwa kamba ya katani kwenye kapu la mbele. Niliwahi kumwuliza kwa nini haipandi. Akasema yeye ni mzee, faili ndilo halipaswi kuchoka.

Kila asubuhi alisimama dirishani kwangu. "Mwangaluka, mayu." Hivyo ndivyo Wasukuma tunavyoamkiana, na binti mdogo naye huitwa mama. Nami nilimwita Guku, babu. Baada ya salamu alihamia Kiswahili cha mahakamani na hakurudi tena. Kwake jirani waliogombania ukuta walikuwa mdai na mdaiwa. Mtoto aliyeona kuku akiibwa alikuwa shahidi. Mimi nilikuwa Mwandishi, na alilitamka neno hilo kwa heshima iliyonitia hofu.

Simwandiki hapa kama mtu mwema tu. Aliwahi kusimamisha ratiba ya msiba ili arekebishe tahajia ya jina la kijiji cha marehemu huko Ipililo, wafiwa wakisubiri. Alinuna haraka, na hakuwahi kukiri kwamba ameshindwa hoja, hata aliposhindwa waziwazi. Ushahidi ninao, na unahusu ngitili.

Asiyetoka kwetu huenda hajui ngitili ni nini. Ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, yakafunguliwa kiangazi, ndama na ng'ombe wagonjwa wanapokosa chakula. Haina uzio, inalindwa na makubaliano. Ya mtaa wetu iliwekwa na wazee wakati hapa pote palikuwa mashamba ya pamba. Mji ukaja, ukaizunguka kwa nyumba za bati, yenyewe ikabaki katikati na migunga yake michache. Ng'ombe wamepungua, lakini ngitili iko bondeni. Masika, maji yote yanayoshuka kutoka barabara ya lami hukusanyika pale, yakakaa siku mbili tatu, kisha yakaenda mtoni taratibu. Yakikosa nafasi pale, yatakuja kwetu. Mwaka ambao mtu mmoja alimwaga kifusi kwenye kona tu ya ngitili, mimi na mama yangu tulitoa godoro kupitia dirishani, maji yakiwa magotini.

Sasa huo ushahidi. Ngitili ikiwa bado imefungwa, ndama wa Karani akaugua. Mama Limi, jirani yetu anayeuza dagaa wa Lamadi, akamkuta katikati ya nyasi amepiga magoti, mundu mkononi.

"Karani! Si imefungwa?"

"Imefungwa kwa mifugo. Mimi si mifugo."

"Na hizo nyasi zinaenda tumboni mwa nani?"

"Shauri la nyasi kukatwa na shauri la nyasi kuliwa ni mashauri mawili, Mama Limi. Usiyachanganye."

Mama Limi akatua beseni lake chini, akashika kiuno, wakabishana mpaka paka wakalifikia beseni. Mwisho Karani alitoa mbuzi wa faini kama desturi inavyotaka, na mtaa mzima ukala. Yeye mwenyewe alikula paja, akalalamika kwamba supu imekosa chumvi.

Huyo ndiye mtu aliyekuja kuipigania ngitili hiyohiyo. Na mimi ndiye niliyekaribia kuipoteza.

Mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu. Ndiye aliyenipa kona ya kuweka kibanda changu, ukutani mwa ofisi ya mtaa. Ndiye pia aliyesimama mkutanoni akasema mwandiko wangu unawashinda wenye digrii. Maneno hayo nilikuwa nayasubiri tangu siku nilipoacha shule. Aliponiomba niwe naandika mihtasari ya mikutano ya wakazi, nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Kwenye mkutano wa kwanza nilioandika, bibi mmoja asiyejua kuandika alitia dole gumba chini ya maneno yangu. Wino wa zambarau ukasambaa mpaka kwenye mstari wa mwisho. Niliutazama ukurasa ule nikajisikia kama aliyemwagiwa uji kwenye gauni la sikukuu. Basi mkutano uliofuata, ule wa kuchimba mitaro, nilikuja na ufumbuzi wangu. Majina yangekaa kwenye karatasi za pembeni. Nilizipiga mistari ya safu nne kwa rula, pambizo la kushoto nikaliwekea mstari mwekundu wa maradufu. Juu niliacha wazi. Kichwa ningekichapa baadaye, kwa herufi nzuri.

Watu walisaini kurasa nne. Karatasi ilipomfikia Karani, aliigeuza nyuma na mbele.

"Mayu, hii haina kichwa."

"Nitaweka nikichapa, Guku. Kitatoka vizuri."

"Majina yakae chini ya maneno, kwenye karatasi ileile."

"Yatauchafua muhtasari."

"Yauchafue."

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Karani amekataa mitaro! Anataka tuogelee!" Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Mwacheni mzee wetu, hakimu wake hajafika." Wakacheka zaidi, na nakiri kwamba nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeona aibu. Karani alirudisha kalamu mfukoni. Hakusaini.

Mkutano ulipokwisha Mwenyekiti alizichukua zile karatasi. Alisema anazipeleka kwa mtendaji zigongwe muhuri. Hazikurudi, nami sikuziulizia.

Miezi ikapita. Asubuhi moja tuliamka tukakuta nyasi za ngitili zimefyekwa kwa mistari iliyonyooka, na bikoni za saruji, vile vinguzo vifupi vya wapima ardhi, zimesimikwa kutoka mgunga hadi mgunga. Ikasemekana kuna mwekezaji: fremu za maduka, nyumba ya wageni, kituo cha mafuta. Karani na Mama Limi waliingia ofisi ya mtaa, nami nikawafuata kwa kuwa mlango uko hatua tatu kutoka kwangu. Mtendaji alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu juzi tu. Alifungua jalada kwa adabu, akatusomea muhtasari ambao sikuuandika: wakazi, kwa kauli moja, wameridhia eneo la wazi lipimwe viwanja vya biashara. Nyuma yake zilibanwa karatasi nne za mahudhurio. Kichwa kilichapwa kwa herufi zisizo zangu. Mistari ilikuwa yangu. Mstari mwekundu wa maradufu ulikuwa wangu.

"Hii sahihi yangu!" Mama Limi alisema. "Hata doa la mafuta ya dagaa hili hapa. Lakini mimi sijawahi kuridhia kitu kama hicho!"

"Sahihi ni yako au si yako, mama?"

"Ni yangu, lakini..."

"Basi."

"Mimi sikuridhia," Karani alisema.

Mtendaji alipitisha kidole kurasa zote nne, bila haraka. "Mzee, wewe humu haumo. Hukuhudhuria."

Nimemwona Karani akishindwa mara mbili tu, na hiyo ilikuwa ya pili. Alikataa kusaini ili jina lake lisitumiwe, na sasa kwa kukataa huko hakuwa na jina.

Mama Limi akanigeukia. "Wewe si ndiye unayeandikaga? Hizi si karatasi zako?"

Nilifikiria kibanda changu, ukuta unaokishikilia, na ile sifa iliyotamkwa mbele ya watu. Nilifikiria pia jinsi itakavyosikika: kosa lote hili ni kwa sababu binti hakutaka wino wa zambarau.

"Sikumbuki, dada. Karatasi zote zinafanana."

Karani alinitazama mara moja. Nikasema nina mteja, nikatoka. Dirishani hapakuwa na mtu.

Kilichonitesha baadaye ni kwamba hakuniuliza kitu. Alikuja kila asubuhi, mwangaluka, mayu, akatoa barua zake za malalamiko nimtolee kopi: kwa ofisi hii, kwa ofisi ile, kila moja na mstari wake wa mshazari. Nilizilaza kwenye mashine moja moja. Alikuwa akiipeleka kesi mbele ya mtu pekee anayejua ukweli wake, na mtu huyo akimwuliza, "Kopi ngapi, Guku?"

Siku moja uvumilivu ulinishinda. "Mbona huniulizi?"

Alipanga karatasi zake kwanza, kona kwa kona. "Shahidi hasukumwi. Ukimsukuma atasema unalotaka wewe, na kesho akisukumwa na mwingine atasema la huyo."

"Na asiposema kabisa?"

"Masika yatamwuliza."

Nilianza kuandika maelezo yangu wiki hiyo. Hapa ndipo ninapojichukia zaidi, kwa hiyo nitapaeleza vizuri. Niliandika, nikaona sentensi ya pili imelegea, nikaanza upya. Nikaona "mahudhurio" limetokea mara tatu katika aya moja, nikaanza upya. Zilifika nakala kumi na moja, zote safi, zote ndani ya boksi tupu la karatasi chini ya meza. Nilijiambia nasubiri iliyokamilika. Ukweli ni kwamba kukamilisha kulikuwa mahali pazuri pa kujificha.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ukakaribia. Mwenyekiti alichukua fomu tena, na safari hii Mama Limi naye akachukua, kupitia chama kingine. Alisema amechoka kuona bikoni. Mkutano wa kuwahoji wagombea ulifanyika ndani ya ngitili yenyewe, watu wakikalia zile bikoni kama vigoda.

Mwenyekiti alikuwa hodari siku ile. "Karani wetu mnamjua," alisema. "Akiona nafasi kidogo kwenye karatasi, halali usingizi mpaka aijaze. Sasa nafasi yote hii katikati ya mji, anataka tuiache! Karani, chora na hapa mstari wako!"

Watu waliangua kicheko. Karani alisubiri kiishe, mikono kwenye baiskeli.

"Kwenye karatasi hapapiti maji," alisema.

Kicheko kilikatika. Mama mmoja wa nyumba za bondeni akaitikia, "Haya, mjibu!"

"Nina swali moja," Karani aliendelea. "Zile kurasa nne ni za mkutano gani?"

"Mzee, wewe hukuhudhuria," Mwenyekiti alisema akitabasamu. Kisha akanyoosha mkono kunielekea, kwa upendo kabisa. "Lakini tusibishane. Mwandishi wetu yule pale. Muulizeni yeye kama kuna hila."

Vichwa vyote viligeuka. Nilisikia mashine ya kusaga ikilia mtaa wa pili. Nilijua neno la kusema. Nilikuwa nimeliandika mara kumi na moja. Karani peke yake hakunitazama. Alitazama mpini wa baiskeli, nadhani ili asinisukume.

"Sina uhakika," nilisema.

Mwenyekiti alipiga makofi. Karani aligeuza baiskeli akaondoka, na kesho yake hakuja dirishani. Wala keshokutwa.

Mama Limi alishinda hata hivyo, kwa kura chache. Wanawake walipiga beseni lake la dagaa kama ngoma kutoka shuleni tulikopigia kura mpaka kwake. Nilicheza nyuma kabisa. Nilidhani nimeokoka: mtaa una kiongozi mpya, ngitili imepona, hakuna aliyehitaji kunijua.

Wiki iliyofuata Mama Limi alirudi kutoka halmashauri akiwa amevua viatu, kavishika mkononi. Alisimama dirishani kwangu.

"Wanasema mwenyekiti mpya hafuti muhtasari wa zamani. Jalada limekamilika, kibali kinatoka muda wowote. Wanamtaka aliyeandika mkutano ule aseme kwa maandishi kama mahudhurio ni ya mkutano mwingine." Akahamishia viatu mkono wa pili. "Wewe unasema hukumbuki. Basi mdogo wangu, sijui nifanye nini."

Akaenda zake. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniinua kwenye kiti. Niliichukua nakala ya kumi na moja, nyingine nikazitia mkobani bila kujua kwa nini, nikafunga dirisha saa nne asubuhi.

Mke wa Karani alinipokea mlangoni. "Sukari imemshika macho," alisema. "Sema wewe ni nani, maana hatakuona."

Alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kamba, kalamu ikiwa bado mfukoni. Baiskeli iliegemezwa karibu, mahali mkono wake unapofika.

"Mwangaluka, Guku. Ni Mwandishi."

"Umechelewa," alisema. Kisha, "Umeleta karatasi?"

"Nimeleta."

"Soma. Subiri. Mama Limi aitwe, asikie."

Sikuwa nimepanga hivyo. Nilitaka asome yeye, kimya, aniambie imeandikwa vizuri. Mama Limi alikuja na mikono ya dagaa, akasimama. Nikasoma. Nilieleza mkutano wa mitaro, karatasi zisizo na kichwa, mistari yangu ya rula. Nilifika kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote: kwamba karatasi hizo, kwa bahati mbaya, zilichanganyika na za mkutano mwingine.

"Nani alizichanganya?" Karani aliuliza.

"Sikumwona, Guku."

"Basi usiandike bahati. Wala usiandike mtu. Andika unalolijua. Siku ile ofisini ulijua nini?"

Uani palikuwa na kuku anayeparua. Nilimtazama huyo kuku.

"Nilizitambua."

"Mbele ya huyu mama?"

"Mbele yake."

"Andika."

Mama Limi alisema taratibu, "Uliniangalia usoni, mdogo wangu. Ukaniambia zinafanana."

Nilimgeukia Karani. "Guku, niende nikachape upya. Nitaweka hayo yote, itoke safi."

"Ukienda utarudi lini?"

Alilijua lile boksi bila kuliona. Nikalaza karatasi juu ya faili lake, nikaikata ile sentensi kwa kalamu, wino ukapasua karatasi kidogo. Juu yake nikaandika kwa mkono, kwa kubana: *Nilizitambua karatasi hizo siku ile nikasema sikumbuki. Nilisema uongo.* Maneno yalipanda juu kama mchwa. Nikasaini.

"Malizia haraka," Mama Limi alisema, akiiachia kona ya karatasi aliyokuwa amenishikia na kujifuta mikono kwenye kanga. "Masjala wanafunga mapema." Hakuwa amenisamehe, lakini alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.

"Umebakiza nafasi?" Karani aliuliza.

"Robo ya ukurasa."

Alitoa kalamu. Nikamwekea kidole chake penye neno la mwisho. Aliuchora mstari wake, lakini hakuuona ukurasa, mstari ukapita juu ya sahihi yangu na kuikata katikati. Niliuma mdomo. Kisha akapapasa chini ya mstari, akaandika jina lake lote, herufi kubwa zinazopishana, jina ambalo sikuwa nimewahi kuliona limeandikwa. Pembeni akaongeza: shahidi.

"Sasa nimehudhuria," alisema, akanirudishia.

Kwenye dirisha la masjala ya halmashauri ofisa aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole. Ilikuwa na tundu, doa la dagaa, maneno yaliyokatwa, na mstari wa bluu juu ya jina langu.

"Dada, hii mbona imechafuka hivi? Huna nakala safi?"

Mkobani nilikuwa nazo kumi.

"Sina," nilimwambia. Akagonga muhuri.